Siku Saba, Baba, na Zile Ulizoziongeza

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu ulipotutoka mchana ule wa Jumatano, na nyumba yako bado haijazoea. Wateja wawili hawajaja kuchukua suruali zao. Cherehani imefunikwa shuka, na Mama hapendi mtu mwingine aifunue. Hata vumbi anafuta mwenyewe.

Tumekubaliana niandike mimi, binti yako mkubwa, kwa sababu wadogo zangu wanasema mimi ndiye niliyerithi mdomo wako. Mama amekataa kushika kalamu. "Andikeni nyinyi," alisema. "Mimi nikianza nitamgombeza mbele za watu." Basi tunakuandikia sisi, na pale penye ugomvi wa Mama tutausema vilevile, maana hatuwezi kukukumbuka kwa sifa tupu kama mtu tuliyemsoma kwenye tangazo.

Watu wengi hawakulijua jina lako. Walikuita Inchi Mbili. Kila nguo uliyoikata uliiachia inchi mbili za ziada kwenye pindo na kwenye mshono wa ubavuni, mteja atake asitake. Mwalimu mmoja kijana aliwahi kulalamika kwamba shati lake lina kitambaa kingi kwa ndani kuliko kwa nje. "Mwalimu," ulimwambia bila kuinua macho, "wewe umeoa mwezi uliopita. Njoo mwakani tuongee." Akaja mwakani, tumbo limemtangulia mlangoni, nawe ukaufumua ule mshono huku mnacheka wote wawili mpaka mkasi ukakuanguka.

Sisi wanao tulikulia ndani ya nguo zako. Sare moja tuliivaa miaka mitatu, na kila mwaka ulipoishusha pindo palibaki mstari uliofifia pale lilipokuwa limekunjwa mwanzo. Wenzetu darasani walituhesabia ile mistari. Tuliona haya, Baba, tukakununia, nawe ulitwambia, "Nikipunguza nikakosea, hiyo nguo imekufa. Nikiongeza nikakosea, nani ataumia?" Tukavaa.

Na Mama alikuwa mtu wa vifungo. Kwa miaka thelathini na nane ulikaa upande huu wa meza, yeye upande ule. Wewe unashona, yeye anatia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Chumba cha mbele ni kidogo, kwa hiyo magoti yenu yaligusana chini ya meza mchana kutwa. Ulikuwa ukinyoosha mkono bila kuangalia, naye anakutia uzi kiganjani bila kuangalia. Hata mkigombana asubuhi kazi haikusimama. Mlipasiana mashati kwa hasira, sura zimevimba, lakini magoti hayakuhama. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini asihamie kwenye meza kubwa ya sebuleni, apate nafasi ya kujinyoosha. Aliniangalia kama niliyemwambia ahamie nyumba ya jirani.

Maumivu ya mgongo ulipoyapata mara ya kwanza ulikisingizia kiti. Ukabadilisha kiti kimoja, cha pili, cha tatu. Cha tatu ulipoanza kukitukana ndipo Mama alipokwambia, "Fundi, viti vyote duniani haviwezi kuwa na kosa moja. Twende hospitali." Mkaenda. Mkarudi na jibu kwamba ugonjwa ulianzia kwenye tezi dume, tena zamani, na sasa umeshafika kwenye mifupa: uti wa mgongo, nyonga na mbavu mbili.

Daktari hakukuficha, na ulimpenda kwa hilo. Mimi nilikuwepo. "Mzee, kuuondoa wote hatutaweza, nisikudanganye," alisema. "Tunataka kuupunguza nguvu, utembee, upate muda na watu wako." Akaeleza kwamba atakupa dawa mbili pamoja. Ya kwanza ni sindano yenye dawa ya mionzi. Ikishaingia kwenye mshipa inakwenda yenyewe mpaka kwenye mfupa, pale palipoharibika, inaupiga ugonjwa kutoka humo humo. Ya pili ni dripu ya kemo, ya kuusaka kwingine kote mwilini. Dripu kila baada ya wiki tatu, sindano kila baada ya wiki sita, na damu kupimwa kila Jumatatu, kwa sababu dawa zote mbili zinaishusha.

Ulisikiliza mpaka mwisho, ukapangusa miwani. "Kumbe ni bitana na kitambaa cha juu," ulisema. "Mnashona kwa pamoja."

"Ndiyo hivyo," daktari akacheka. "Ila damu ikikataa, mzee, itabidi tufumue upande mmoja."

Siku ya sindano ya kwanza tulikusubiri kwenye benchi nje ya mlango ule mzito wenye alama ya manjano. Nesi alipita mbele yetu na kikasha cha chuma, kidogo kama cha kuwekea miwani, lakini alikibeba kwa mikono miwili, mwili umeinama. Dakika chache baadaye ulitoka ukiwa unafunga kifungo cha mkono. "Basi?" Mama akauliza. "Basi," ukasema, na mfukoni ulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa, moja ya sindano na moja ya dripu.

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza nawe, Baba. Zile karatasi hukumpa mtu azisome. Na Mama hakuziomba. Tangu mlipoanza kazi pamoja, vipimo vilikuwa vyako na vifungo vilikuwa vyake. Ukisema kola ni kumi na tano na nusu, ni kumi na tano na nusu. Asingekuja kukuuliza karatasi imeandikwa nini.

Ulipofika nyumbani ulitoa chaki ukapiga mstari sakafuni, kukatiza kizingiti cha chumba cha mbele. Stuli ya Mama ukaisukuma mpaka kwenye korido, nje ya mlango.

"Dawa hii inatoa mionzi," ulimwambia. "Kuanzia leo mimi huku, wewe huko. Nitalala humu kazini. Kikombe changu peke yake, nguo zangu peke yake. Na mdogo asiingie kabisa."

Mdogo ni kitinda mimba wako. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Mpaka lini?" Mama akauliza.

"Mpaka tumalize dawa."

"Nesi kasema hivyo?"

"Imeandikwa," ukasema, ukaingiza kichwa kwenye kazi.

Ukutani ulitundika kalenda, ukaichoma pini. Siku za sindano uzi mwekundu, siku za dripu uzi wa buluu, na siku za kujitenga uzi mweupe, unaopita kutoka pini hadi pini. Uzi mweupe ulianza siku ile ya kwanza na haukukatika mahali popote. Wageni waliisifu ile kalenda. Na mimi niliisifu, Mungu anisamehe.

Kazi ikaendelea hivyo hivyo, kupitia mlangoni. Shati likiwa tayari kwa vifungo ulilikunja, ukaliweka kwenye sinia, ukalisukuma kwa rula yako ndefu ya mbao mpaka kwenye stuli ya Mama. Akishamaliza analirudisha kwa ufagio. Mara ya kwanza mlicheka mpaka machozi. Mara ya pili Mama alitabasamu. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyecheka, sinia lilikwenda na kurudi, na koridoni hakuna dirisha, kwa hiyo Mama alianza kukodoa macho na kujichoma vidole, yeye ambaye alikuwa akitia kifungo huku anaongea na mtu dirishani.

Ni haki tuseme pia kwamba dawa zilikufaa. Siku tatu za kwanza maumivu yalizidi, nesi alikuwa ameshakuonya, ukajikaza ukashika meza mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha wiki ya pili, asubuhi, tulisikia kanyagio la cherehani. Lilikuwa limenyamaza miezi miwili, muda ambao ulishona kwa mkono tu. Mama aliinuka kwenye stuli yake, uzi mdomoni, shati kifuani, akavuka mstari bila kufikiri. Ulikuwa umeupa mlango mgongo, lakini ulimsikia.

"Hapo hapo, mwenzangu," ukainua mkono. "Rudi kidogo."

Akarudi. Alilia kwa furaha koridoni peke yake, na alituambia baadaye kwamba hajawahi kuona mahali pabaya pa kufurahia kama pale.

Baada ya sindano ya pili uliacha fimbo. Baada ya ya tatu ulikwenda mwenyewe kuchagua vitambaa, ukabishana na muuza duka kama zamani. Kule kwenye viti vya dripu ulijulikana wodi nzima, kwa sababu ulikuta gauni za wagonjwa hazina kamba za kufungia mgongoni, watu wanatembea wamejishika nyuma kwa aibu. Ukaanza kwenda na kikopo chako cha nyuzi. Mkono mmoja una dripu, mwingine unashona, na mgonjwa wa kiti cha pili anakushikia kitambaa. Wote waliopita pale siku zile walishonewa kamba na wewe. Mama alikuwa anakuangalia kutoka benchi la wasindikizaji, na siku moja uzalendo ukamshinda.

"Yule bwana mnakaa magoti kwa magoti," alikwambia njiani, nawe uko hatua tatu mbele yake. "Mkeo unamweka mlangoni."

"Yule naye ana dawa zake mwilini," ukamjibu. "Hatuna cha kupeana."

Tulicheka tulipohadithiwa. Ulikuwa mcheshi, Baba, na ucheshi wako ulituzuia kuuliza maswali mengi.

Mjukuu wako alizaliwa wiki ya tatu baada ya sindano ya nne. Alipofikisha siku kumi na nne mdogo wangu alikuja naye uani. Ulisimama mlangoni, umeshika mwimo, ukasema, "Mwinue kidogo. Mgeuze. Sawa. Mabega ni yangu." Ulimpima kwa macho kutoka pale. Ukamshonea gauni nne, ukazifua mara tatu, ukazianika wiki nzima juani kabla hujaruhusu zipelekwe. Zote zilimtosha, na zote zilikuwa na pindo la kushusha.

"Mshike basi," Mama alikwambia siku hiyo. "Dakika moja tu. Nitamfunika shuka nzito."

Uliangalia mikono yako, hii tunaikumbuka wote tuliokuwepo, ukaiangalia mbele na nyuma, ukaitia mfukoni. "Mwakani," ulisema. "Wacha nimalize."

Hukumaliza. Damu ikakataa, kama daktari alivyosema inaweza kukataa. Jumatatu ya kwanza chembe za damu zilikuwa chini, wakaahirisha dripu. Jumatatu ya pili chini zaidi. Sindano ya tano ikasogezwa, ikasogezwa tena, kisha daktari akakuita na kukueleza taratibu kwamba mfupa umechoka kutengeneza damu, na kukuongezea dawa sasa itakuwa kukuumiza. Ulimshukuru. Ulirudi nyumbani ukaondoa pini nyekundu ya tano kwenye kalenda, lakini uzi mweupe uliuacha.

Wiki yako ya mwisho ulikuwa wodini, kitanda cha pembeni. Mama hakuondoka. Nesi wa zamu alimletea kiti akakiweka kichwani pako kabisa, na Mama akakaa, akauweka mkono wake kwenye shuka karibu na wako. Ulifungua macho. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Sogea kidogo, mwenzangu," ukasema.

Mama akainuka, akakirudisha kiti nyuma hatua mbili, akakaa tena. Alikutii, Baba, kama alivyokutii kwa mstari wa chaki. Ulivuta pumzi ya mwisho siku ya pili yake mchana, na Mama alikuwa pale alipokuwa amesogea. Aliona kifua kimetulia. Hakuwa amekushika.

Tungekuwa tumeishia hapo, tukalia tukanyamaza, kama si lile koti la nesi. Unalikumbuka. Yule nesi wa sindano, mwenye mwanya, alikupa koti lake jeupe ulipunguze mikono, nawe ulilimaliza lakini hukuwahi kulipeleka. Miezi miwili baada ya mazishi Mama alilikuta kwenye rafu, limepigwa pasi. Kazi ya mtu kwako haikulala, kwa hiyo alijitanda akaipeleka, nami nikamsindikiza.

Nesi alilia alipoliona. Akalivaa hapo hapo, likamkaa vizuri, kisha akamshika Mama mkono. "Pole sana, mama. Mzee alikuwa akimtaja mjukuu wake mpaka tukamjua. Hebu niambie, alipata kumbeba?"

"Hakumbeba," Mama akasema.

"Jamani. Kwa nini?"

"Si nyinyi mlimkataza."

Nesi alimwangalia Mama, kisha akaniangalia mimi. "Siku saba, mama," alisema. "Siku saba baada ya kila sindano. Zikipita hizo, analala kwake, anakula na watu wake, anambeba mtoto. Imeandikwa kwenye karatasi."

"Na dripu?" nikauliza.

"Dripu ni siku mbili tatu, tena ni habari ya kuvaa glavu mkisafisha choo tu. Na damu ikiwa chini tunasema mwenye mafua asimsogelee. Mke wake alikuwa na mafua?"

Mama akatikisa kichwa.

Hapo nesi akakaa kwenye benchi. Akatuambia kwamba uliposubiri sindano ya tatu alikuuliza unaendeleaje nyumbani, ukamweleza habari ya stuli na mstari wa chaki. Akashtuka, akakurudia kusema: mzee, ni siku saba tu. Na wewe ukamjibu, "Najua, mwanangu. Mimi ni fundi, huwa naongeza. Nikikosea kwa kuongeza, nani ataumia?"

"Sikuwa na jibu la haraka," nesi alisema. "Na nje nilikuwa na watu kumi na wawili. Nikamwacha. Alikuwa anaogopa, mama. Alisema maisha yake yote amewapa watu wake alichonacho, hiki hataki wakipate hata kidogo."

Mama alishukuru, akaaga vizuri, akatembea mpaka nje ya lango la hospitali. Pale akasimama.

"Mimi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Aliuliza nani ataumia. Angeniuliza mimi ningemjibu. Mimi."

Alipofika nyumbani aliingia chumba cha mbele bila kuvua viatu, akaanza kuchomoa pini moja moja. Siku saba za sindano ya kwanza akaziacha, saba za pili, saba za tatu, saba za nne. Uzi uliobaki wote akauvuta na kuuviringa kidoleni, na kidole kikajaa. Kutoka sindano ya kwanza mpaka siku uliyotutoka ni siku mia mbili na kumi, Baba. Ulizotakiwa kujitenga ni ishirini na nane. Hizo nyingine mia moja na themanini na mbili ulizishona wewe mwenyewe.

Tulikukasirikia. Tuseme tu. Kwa siku kama kumi hivi hatukutaka kutaja jina lako, na mdogo wangu alimkumbatia mwanawe akakusema maneno ambayo hatutayachapisha. Lakini hasira zetu zilikuwa za watoto, zilipita. Ya Mama ilikaa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nyingine ya kujikasirikia yeye. "Ningeomba ile karatasi," anasema. "Ningenyoosha mkono tu, nikasema nipe nisome." Na kile kiti. Anasema siku ile wodini zilikuwa zimepita wiki kumi na mbili tangu sindano ya mwisho, na yeye akainuka na kukirudisha nyuma kama mtoto wa shule.

Nilimwambia, nikidhani namfariji, kwamba ulifanya yote kwa kumpenda. Akanigeukia.

"Nani kasema hakunipenda? Woga wake naujua kuliko nyinyi. Nimelala naye miaka thelathini na nane, najua anavyohema akiogopa. Ndiyo maana ningekaa karibu. Mtu anayeogopa unamwacha peke yake na cherehani?"

Sikurudia tena kumfariji kwa maneno hayo.

Utataka kujua anaishije. Anakula, analala kidogo, anajibu salamu. Majirani wanamsifu kwamba amejikaza, na yeye anawaitikia. Lakini sisi tunaoingia ndani tunaona kwamba kitandani bado analala ukingoni, na kwamba akimimina chai humimina kwanza kikombe kimoja kando. Wiki ya kwanza ya mwezi uliopita alichukua kazi ndogo ya vifungo kutoka kwa fundi wa mtaa wa pili. Tulifurahi. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta koridoni, kwenye stuli, gizani, ameelekea chumba kisicho na mtu.

"Mama, ingia ndani kwenye mwanga."

"Nitaingia," alisema. "Usinisukume. Yeye alinitoa siku moja, mimi kurudi nachukua muda wangu."

Hiyo ndiyo iliyo ngumu, Baba, kuliko kuondoka kwako. Wajane wengine wanaanza upweke siku ya mazishi. Wa kwetu aliuanza miezi saba kabla, nawe uko hatua mbili mbele yake, unashona, unamwuliza kama ameshapata kifungo cha nne. Hakupata hata nafasi ya kuzoea kuondoka kwako, kwa sababu alikuwa bado anakusubiri umalize dawa ili arudi mezani.

Tunakushukuru kwa yote. Kwa sare zetu, kwa zile kamba za mgongoni za watu usiowajua, kwa kutokutudanganya kamwe isipokuwa mara hii moja. Mjukuu wako sasa anatembea, ana meno sita na kichwa kigumu, na akianguka halii mpaka ahakikishe kuna anayemtazama. Tutamweleza habari zako zote. Na akikua tutamwambia pia hili la siku saba, si kwa kukusengenya, ila ajue kwamba watu wakimpenda awaulize wanataka nini.

Juzi tulikwenda kwa mchapaji na Mama kupeleka maneno haya. Tulikuwa na orodha ya wanaokukumbuka: mkeo; wanao watatu; wakwe zako wawili; mjukuu wako; dada yako mkubwa, ambaye bado anavaa koti ulilomshonea; mafundi wenzako wa mtaani; na nesi, aliyeomba naye awekwe. Mchapaji ni kijana mpole. Alitupangia kwenye kioo cha kompyuta, jina lako juu kwa herufi kubwa, chini yake akaacha nafasi, kisha jina la Mama, kisha sisi.

Mama aliinama akaangalia. "Hii nafasi ya nini?"

"Ni ya kawaida, mama," kijana akasema. "Marehemu huwa tunamwachia mistari miwili, ndipo waje wafiwa. Ili pasibanane."

Mama alivuta kiti akakisogeza mpaka kwenye meza ya yule kijana, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina lake, akakipandisha mpaka kikagusa lako.

"Mwanangu," alisema, "acha pabanane."

Tunakukumbuka, Baba, na hatutaacha.